Liu Cixin, Hao Jingfang au Chen Qiufan: uanze na nani?

Msomaji akiuliza habari za bunilizi za kisayansi kutoka China, jina la kwanza analotajiwa ni Liu Cixin. Anatafuta The Three-Body Problem, anakwenda nacho mpaka ukurasa wa tisini hivi, anakifunika na hakifunui tena. Mara nyingi kilichomshinda ni mlango alioingilia. Milango iko kadhaa, na hapa tunailinganisha mitatu: Liu Cixin, Hao Jingfang na Chen Qiufan. Wote wamefasiriwa kwa Kiingereza, na matoleo hayo ndiyo tunayoyazungumzia.

Tutawapima kwa kazi waliyokuwa wakifanya mchana, kitu ambacho majalada hukitaja kwa mstari mmoja na kupita. Liu alikuwa mhandisi wa kompyuta katika kituo cha kuzalisha umeme. Hao ni mchumi. Chen alitokea kwenye kampuni za teknolojia. Kazi hizo zimeingia kwenye maandishi yao kuliko tuzo yoyote, na ukijua unapenda dunia ielezwe na nani kati ya hao, uchaguzi umeshakuwa rahisi.

Majina kwanza, maana hapa ndipo watu hupotea

Kwa Kichina ukoo hutangulia. Liu ni ukoo, Cixin ndilo jina alilopewa. Ndani ya The Three-Body Problem ni hivyo hivyo: mwanafizikia Ye Wenjie ni Bi. Ye, mtafiti Wang Miao ni Bw. Wang. Shika koo tu katika kurasa hamsini za mwanzo, msongamano wa majina utapungua.

Halafu yuko Ken Liu, ambaye hana undugu na Liu Cixin. Ni Mmarekani aliyezaliwa China, amepitia uanasheria na utunzi wa programu, na mwenyewe ni mwandishi mwenye tuzo zake. Ndiye aliyefasiri kitabu cha kwanza na cha tatu cha Liu Cixin (cha pili kilifasiriwa na Joel Martinsen), hadithi maarufu ya Hao, na riwaya ya Chen. Kwenye rafu ya duka hao Liu wawili hukaa jirani, na si ajabu mtu akatoka na kitabu cha mfasiri akidhani ni cha mwandishi aliyemfuata. Jambo hili lina faida yake pia: kwa kuwa wote watatu wamepitia mkono mmoja, tofauti ya sauti unayoisikia ukihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni ya waandishi wenyewe. Chen naye hutumia pia jina la Stanley Chan. Ni mtu yuleyule.

Liu Cixin: mhandisi

Alizaliwa 1963 na kukulia Yangquan, mji wa makaa ya mawe mkoani Shanxi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, misukosuko ya kisiasa ya China ya 1966 hadi 1976, alipelekwa kukaa kijijini kwa wazee wake, mkoani Henan. Baada ya chuo aliajiriwa katika kituo cha umeme cha Niangziguan, huko huko Shanxi, na ni akiwa mwajiriwa wa pale ndipo alipoandika sehemu kubwa ya kazi zilizompa jina.

Kuanzia 1999 hadithi zake zikaanza kutoka katika Kehuan Shijie, jarida la bunilizi za kisayansi la mjini Chengdu. Ulikuwa mwaka mzuri wa kuingia. Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu uliwataka watahiniwa waandike insha juu ya kumbukumbu kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, na jarida lilikuwa limetoka tu kuligusa jambo hilo hilo. Wazazi waliokuwa wakiona jarida lile ni la kupoteza muda wakaanza kulinunua wenyewe, na katika kipindi hicho nakala zikapanda hadi karibu laki nne kwa toleo. Liu akawa anachukua tuzo ya Yinhe ya jarida hilo mwaka baada ya mwaka.

The Three-Body Problem ilitoka humo kwa mfululizo mwaka 2006, ikawa kitabu 2008. Cha pili, The Dark Forest, kikafuata mwaka huo huo wa 2008, na cha tatu, Death's End, 2010. Kwa Kiingereza vilitoka 2014, 2015 na 2016, na mwaka 2015 cha kwanza kikachukua tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi za kisayansi, katika kundi la riwaya bora. Hakuna riwaya iliyofasiriwa iliyokuwa imewahi kuipata.

Angalia hiyo miaka vizuri, maana kuna mtego. Baada ya 2010 Liu hajatoa riwaya mpya ndefu. Kwenye ukurasa wa toleo la Kiingereza Supernova Era imeandikwa 2019, na Ball Lightning 2018, lakini kwa Kichina ni za 2003 na 2004. Mtu akimaliza vitabu vitatu vikubwa kisha akachukua Supernova Era akidhani ndiyo kazi yake mpya, anajikuta amerudi nyuma kwa mwandishi ambaye mkono wake haujakomaa. Ball Lightning ina nguvu zaidi. Ukitaka moja ya hizo mbili, chukua hiyo.

Sasa tumsogelee. Katikati ya riwaya ya kwanza kuna mchezo wa kompyuta, na ndani ya mchezo mfalme Qin Shi Huang anatoa uwanjani askari milioni 30. Kila mmoja ana vibendera viwili: cheupe ni sifuri, cheusi ni moja. Wanachukuliwa askari watatu, wanapangwa pembetatu. Wawili wanaingiza, wa tatu anawatazama na kujibu. Kila pembetatu ni lango, yaani kiungo kidogo cha kompyuta kinachopokea ishara na kutoa jibu. Wakiwa lango la NA, wa tatu anainua cheusi pale tu wenzake wote wawili wameinua cheusi. Wakiwa lango la AU, mmoja akiinua cheusi inatosha. Askari hahitaji kujua hesabu. Anahitaji jicho jepesi na mkono usiochelewa. Rudia pembetatu hizo mara mamilioni, weka wapanda farasi wa kukimbiza taarifa kutoka kikosi hadi kikosi, na jeshi zima limekuwa kompyuta inayopiga hesabu za mwendo wa majua matatu ya dunia ile ya mchezo.

Kipande hicho ndicho kipimo chako. Ikiwa ulipokisoma ulitamani kuchukua vijiko vitatu mezani ujaribu, Liu ni wako na hutamaliza siku tatu na kitabu cha kwanza. Ikiwa uliuliza, "Na hao askari wanajisikiaje?", utapata taabu. Liu hajishughulishi sana na hilo. Watu wake wengi wapo ili kubeba wazo kutoka sura hadi sura, na wakiongea huongea kama wako mbele ya ubao wa darasani. Anayechomoza ni Shi Qiang, polisi mvuta sigara mwenye lugha chafu, labda kwa sababu ndiye pekee asiyeielewa fizikia.

Kinachoharibika zaidi ni kitabu cha pili. Sura zake za mwanzo zinakwenda polepole, na kuna kurasa nyingi za Luo Ji, mhusika mkuu, akimwota mwanamke aliyemuumba kichwani. Wasomaji wengi wanaachia hapo. Hizo unaweza kuzipitia haraka. Usichoweza kuruka ni ufunguzi wa makaburini, wenye sisimizi anayepanda jiwe la kaburi huku Ye Wenjie akimpa Luo Ji kanuni mbili: kwamba kuendelea kuishi ndiyo haja ya kwanza ya kila ustaarabu, na kwamba ustaarabu hukua na kutanuka daima ilhali maada iliyomo ulimwenguni haiongezeki. Mwisho wote wa kitabu umefungwa kwenye kanuni hizo. Aliyezipita bila kuzisoma atauona mwisho kama mazingaombwe.

Jingine: mpangilio. Katika kitabu cha Kichina cha 2008 sura za Mapinduzi ya Utamaduni zimewekwa ndani, mbele zimetangulia sura za Wang Miao. Toleo la Kiingereza linaanza na Mapinduzi ya Utamaduni moja kwa moja, kwa ushauri wa mfasiri, na Liu alikubali. Kwa hiyo anayesoma Kiingereza na anayesoma Kichina wakibishana kitabu kinaanzaje, wote wawili wanasema kweli.

Mzigo mzima ni karibu kurasa 1,500. Kama unaogopa, kuna milango miwili midogo. Mmoja ni The Circle, hadithi fupi inayosimama peke yake juu ya lile jeshi la bendera, imo katika mkusanyiko wa Invisible Planets wa 2016. Mwingine ni hadithi ndefu ya The Wandering Earth ya mwaka 2000, ambamo Dunia yenyewe inafungwa mitambo na kuanza safari ya miaka 2,500, vizazi mia moja, kulikimbia jua linalokaribia kulipuka. Usitegemee kukutana na filamu ya 2019 ndani yake. Ile hekaheka ya kunaswa na Mshtarii ni ya filamu.

Kusoma au kutazama?

Tamthilia za The Three-Body Problem ziko mbili na hazifanani. Ya Tencent, kampuni ya China, ya Januari 2023, ina vipindi 30 na inakifuata kitabu cha kwanza karibu hatua kwa hatua: Beijing, Wang Miao, Shi Qiang, na subira nyingi. Ya Netflix, ya Machi 2024, ina vipindi 8 katika msimu wa kwanza. Imehamishia mambo mengi London, imempasua Wang Miao kuwa marafiki watano, na imevuta mapema watu na matukio ya kitabu cha pili na cha tatu.

Anayetaka kusoma baadaye atazame ya Tencent. Itamharibia kitabu kimoja tu. Anayejua kabisa kwamba hatasoma, Netflix inamtosha. Asiyetaka kutolewa siri yoyote asiguse Netflix kabla ya kumaliza vyote vitatu. Mapinduzi ya Utamaduni yameonyeshwa waziwazi na Netflix, tangu dakika za kwanza. Ya Tencent imeyapunguza makali.

Kuna pia wanaomkataa Liu kwa sababu zisizohusu uandishi. Katika mahojiano ya 2019 aliitetea sera ya serikali yake kuhusu Wauighur, Waislamu wa Xinjiang, magharibi mwa China, na mwaka 2020 maseneta watano wa Marekani wakaiandikia Netflix barua ya kuhoji mradi wa tamthilia. Kila msomaji atalipima mwenyewe, ila ni vizuri alijue kabla ya kununua.

Hao Jingfang: mchumi

Alizaliwa Tianjin mwaka 1984, akasoma fizikia Chuo Kikuu cha Tsinghua, kisha akachukua hapo hapo udaktari wa uchumi. Akafanya kazi katika taasisi ya utafiti wa sera za maendeleo. Hadithi yake Folding Beijing ilitoka kwa Kiingereza mapema 2015 katika jarida la Uncanny, na 2016 ikampa Hugo katika kundi la hadithi za maneno kati ya 7,500 na 17,500. Ni mwanamke wa kwanza kutoka China kuipata.

Huu ndio mlango tunaowapa watu wengi zaidi. Unasomwa bure mtandaoni, kwa saa moja na nusu unamaliza, na hauhitaji fizikia.

Beijing imekunjwa. Kwa saa 24 jiji ni la watu milioni 5 wa Nafasi ya Kwanza. Kisha ardhi inageuzwa, majengo yanajikunja, na saa 24 zinazofuata wanagawana waliobaki: milioni 25 wa Nafasi ya Pili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na milioni 50 wa Nafasi ya Tatu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri. Wasio na zamu wamelazwa usingizi. Piga hesabu uone: watu milioni 50 wana saa 8 katika kila saa 48, na zote ni za giza. Milioni 20 kati yao kazi yao ni kuchambua taka.

Lao Dao ni mmoja wa hao. Anapenya kwenda Nafasi ya Kwanza kupeleka ujumbe wa mtu, apate karo ya chekechea ya binti aliyemlea. Huko juu, kwenye karamu, anasikia mazungumzo ambayo mhandisi asingeyaandika. Mtu ameleta mashine ya kusafisha taka bila wafanyakazi. Inafanya kazi, inapunguza gharama, na mkubwa anaikataa, kwa kuwa mamilioni ya wachambua taka watabaki bila shughuli. Baadaye anaelezwa mantiki yenyewe: uchumi umefika mahali hauwahitaji watu hawa, basi njia ni kuwapunguzia saa za kuishi na kuwatafutia cha kuwashughulisha katika hizo chache. Hakuna mtu mbaya katika karamu ile. Kila mmoja ana hoja, na hoja zinajumlishika.

Ubaya wa Hao uko kwenye riwaya ndefu. Vagabonds, ya 2016 kwa Kichina na 2020 kwa Kiingereza, inahusu vijana wa Mirihi waliopelekwa Duniani karne moja baada ya vita vya uhuru vya Mirihi, wakarudi nyumbani wakiwa hawana kwao. Ni kurasa zaidi ya 600 za watu wakijadiliana: nani anamiliki kazi ya msanii, mfumo upi unampa mtu uhuru. Anayetoka kwenye Folding Beijing akitarajia mwendo ule ule atalala. Isome kama majadiliano ya siasa yenye wahusika, wala usiifanye ya pili. Isubirishe.

Chen Qiufan: mtu wa kampuni

Chen ni wa 1981, mzaliwa wa Shantou, Guangdong. Alisoma fasihi Chuo Kikuu cha Peking, akafanya kazi Google na Baidu, kampuni ya China ya utafutaji mtandaoni. Riwaya yake ni Waste Tide, ya 2013 kwa Kichina na 2019 kwa Kiingereza.

Chanzo chake ni mahali halisi. Guiyu ni mji ulio chini ya utawala wa Shantou, uliojulikana kwa miaka mingi kama jaa la taka za kielektroniki: bodi za saketi zikiyeyushwa madini ya risasi juu ya majiko, vipande vikichovywa kwenye tindikali ili dhahabu ijitenge, mto ukibadilika rangi. Chen aliuita mji wa riwaya Kisiwa cha Silikoni. Kwa Kichina hilo nalo linatamkwa guiyu, kwa herufi nyingine na toni nyingine, kwa hiyo msomaji wa kule anakamata tangu jina. Kwa Kiingereza mchezo huo umepotea, ndiyo maana tunautaja.

Ndani yake kuna koo tatu zinazotawala kisiwa, kampuni ya Kimarekani iliyokuja na ahadi ya kusafisha, na Mimi, msichana mhamiaji mchambua taka. Robo tatu ya kwanza ni nzuri sana, kwa sababu Chen anajua jinsi kampuni inavyozungumza inapotaka ardhi ya watu. Sehemu ya mwisho inajaa mapigano na mitambo, na uzi unalegea. Lugha ya huko, Kiteochew, nayo imo pamoja na maelezo ya mfasiri. Usiyaruke, kwani nani anamwita nani kwa lahaja ipi ndiko kunakoonyesha nani ni mwenyeji.

Kwa mwenye haraka ipo The Fish of Lijiang, fupi, katika jarida la Clarkesworld la 2011, bure. Na kwa anayefanya kazi na kompyuta kuna AI 2041 ya mwaka 2021, aliyoiandika na Kai-Fu Lee, aliyewahi kuiongoza Google nchini China: hadithi kumi za Chen, kila moja ikifuatwa na maelezo ya Lee juu ya teknolojia iliyotumika. Moja iko Lagos, juu ya video za kughushi. Nyingine iko Qatar. Kama hadithi ni za wastani. Kama njia ya kumwelewesha kijana wa kidato cha nne akili unde inafanya nini, ni nzuri.

Kwa ufupi wa mezani

| | Liu | Hao | Chen |
|---|---|---|---|
| Mlango mdogo | The Circle | Folding Beijing | The Fish of Lijiang |
| Bure mtandaoni? | Nunua mkusanyiko | Ndiyo | Ndiyo |
| Kazi kubwa | Vitabu vitatu, kurasa 1,500 hivi | Vagabonds | Waste Tide |
| Hatari ya kuacha | Mwanzo wa kitabu cha pili | Vagabonds yote | Sura za mwisho |

Msomaji wa riwaya za kijamii aanze na Hao, kisha Waste Tide, na Liu awe wa mwisho. Aliyesoma sayansi, au anayependa fumbo, aende moja kwa moja kwa Liu. Kikundi cha kusoma chenye watu wa ladha mbalimbali kichukue Invisible Planets: ndani yake wamo wote watatu, pamoja na Xia Jia wa Xi'an, ambaye mizimu na roboti zake ni laini kuliko chochote tulichokitaja hapa na pengine ndiye atakayependwa na wasiopenda sayansi kabisa.

Han Song, mwandishi wa habari wa shirika la Xinhua, naye hutajwa pamoja na hawa, na tangu 2023 riwaya yake Hospital inapatikana kwa Kiingereza. Mgonjwa anaingia hospitali kwa maumivu ya tumbo na hatoki. Ni giza tupu, na makusudi. Mweke mwaka wa pili.